Siku Mama Mkwe Alinifunga kwa Leso

Nawasalimu nyote, lakini wa kwanza ni wewe unayesoma haya ukiwa umelazwa, dripu mkononi, unaangalia dari. Hiyo dari naijua. Niliiangalia mpaka nikajua kila doa lake. Leo naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi, mashine imezimwa, na tangu asubuhi nimeenda choo mara kadhaa bila shida yoyote. Utashangaa kwa nini nakuambia mambo ya choo mapema hivi. Ngoja tu, utaelewa.

Naitwa Simiyu. Ninasaga unga karibu na Kitale, kwa barabara ya kwenda Endebess. Shule niliachia kidato cha pili, lakini ndoto sikuachia mahali. Ile mashine ya posho ikinguruma hakuna mtu anakusikia, kwa hivyo mimi nilikuwa nikisaga huku najitangaza kama mtangazaji wa redio: "Simiyu anachukua uongozi! Wengine wameachwa nyuma! Anaingia uwanjani!" Siku moja umeme ukapotea ghafla nikiwa katikati ya kutangaza. Akina mama wote kwenye foleni wakanisikia. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Simiyu, saga unga, bana," akaniambia. "Wacha kushinda mbio ukiwa umesimama."

Basi makanisa ya upande wetu yakaungana kuandaa marathoni ya hisani pale Kitale. Walitaka kununulia watoto walemavu wa shule yetu ya msingi viti vya magurudumu na kuwajengea choo ambacho mtoto anaweza kuingia bila kutambaa. Hiyo habari ilinigusa sana. Jirani yangu Mama Faith alikuwa anabeba binti yake mgongoni kila asubuhi kumpeleka shule. Faith ana miaka kumi na moja. Mamake ni mwembamba, na miguu ya Faith ilikuwa karibu kuburuta chini. Wakipita mbele ya mashine Faith alikuwa ananipungia mkono na kusema, "Sasa, bingwa?" Unaambiwa hivyo kila siku halafu unakaa tu na unga wako? Mimi sikuweza. Nilijiandikisha ile ndefu, kilomita arobaini na mbili.

Mke wangu anaitwa Nafula. Nilipomwambia aliweka mwiko chini.

"Arobaini na mbili? Si iko ile ya kumi?"

"Ya kumi ni ya wazee wa kanisa."

"Na watoto wako utawaona saa ngapi? Ukiwa unapita?"

Alikuwa na haki kuuliza. Nafula anasomea ualimu wa chekechea, na muhula huo alikuwa ametumwa kufanya mazoezi ya kufundisha kwa shule iliyo karibu na kwao, Kamukuywa. Alienda na watoto wote wawili: Nanjala mwenye miaka mitano, na Wekesa ambaye bado alikuwa ananyonya. Mimi nikabaki Kitale na mashine. Tulikubaliana hivi: siku za kazi nikimbie alfajiri kabla sijafungua, lakini Jumapili ni ya watoto. "Jumapili nikikukosa," Nafula akasema, "hiyo marathoni nitakuja kuizima mimi mwenyewe."

Sasa hapo ndipo kichwa changu cha ndoto kikapata akili ambayo niliiona ni kubwa sana. Kutoka kwangu mpaka Kamukuywa ni zaidi ya kilomita thelathini. Mtu anayejitayarisha kwa marathoni lazima akimbie mbio ndefu mara moja kwa wiki. Si nikimbie kwenda kwa watoto? Mazoezi nimefanya, familia nimeona. Jumapili asubuhi nilikuwa napiga simu, Nanjala anaishika, anauliza, "Baba, umefika?" Namjibu, "Bado, niko njiani, nakimbia kuja kwako." Alikuwa anaambia watoto wote wa huko kwamba babake ni gari.

Nilifanya hivyo Jumapili kadhaa na ilienda vizuri. Shida ilikuwa moja tu, na lazima niieleze kwa wale ambao si wa kwetu.

Sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hamsalimiani kwa mkono. Hukai naye karibu. Yeye haitaji jina lako, anakuita kwa jina la mtoto wako. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Akikuletea chai, anaiweka juu ya stuli, anarudi nyuma, ndiyo wewe unaenda kuichukua. Na mambo ya mwili, hayo kabisa hayatajwi. Mkwe anatakiwa awe kama mtu asiye na kibofu.

Mama mkwe wangu ni mtu wa utani, kwa hivyo alitafuta njia yake. Kama hakuna mtu wa katikati wa kupeleka maneno, anaongea na kuku. "Wewe kuku, mwambie Baba Nanjala chai imewekwa." Nami najibu kuku, "Mwambie Mama nimeshukuru." Huyo kuku amejua siri za familia yetu nyingi kuliko pasta wa kanisa letu.

Kwa hivyo kila Jumapili nilibeba suruali ndefu kwenye mkoba mdogo mgongoni. Nikikaribia boma, naingia nyuma ya migomba, naivaa juu ya kinyasa changu cha kukimbia kilicholowa jasho, ndipo naingia nikitembea polepole kama mwalimu mkuu. Na njiani nilikuwa sinywi maji mengi. Sababu ni kwamba choo cha hapo kiko upande ule wa jikoni ya mama mkwe. Ukienda anakuona. Ukirudi anakuona. Basi mimi niliona afadhali nifike nikiwa mkavu. Nilikuwa nalamba tu maji kidogo pale Kiminini, nasonga mbele.

Wiki ile ya mwisho, mwili ulianza kuuma siku za katikati. Usiku natetemeka, mchana nasikia joto. Mdomo ulikuwa mchungu. Magoti na mgongo viliuma kama nimepigwa. Nikasema ni mazoezi. Mzee mmoja aliyekuja kusaga wimbi akaniangalia, akasema, "Hiyo ni homa. Homa inatolewa na jasho. Kimbia itoke." Alisema kwa roho safi, na hata babangu alikuwa anasema hivyo hivyo, kwamba mtu akishikwa na homa alime mpaka alowe jasho. Jumamosi nilipitia dukani nikanunua dawa za maumivu. Nilimeza jioni. Jumapili asubuhi nikameza zingine, kisha nikapiga simu.

"Baba, umefika?"

"Niko njiani, mama."

Nilianza vizuri kwa sababu ya zile dawa. Nilipopita Kitale mjini nilikuwa hata najitangaza. Jua likapanda. Nilipofika Kiminini miguu haikuwa yangu tena, ilikuwa kama nimefungiwa magunia kwenye mapaja. Kuna mama alikuwa anauza ndizi hapo, akaniambia, "Kijana, kaa kidogo, macho yako ni mekundu." Nikamwambia watoto wananingoja. Nilinywa maji vikombe viwili hivi, nikatapika kimoja. Nikaendelea. Baada ya hapo jasho likakauka. Nikagusa shavu, likawa na chumvi kama chapati iliyokosewa.

Karibu na Kamukuywa nilisimama nyuma ya migomba nibadilishe. Nikajaribu kukojoa. Kikatoka kidogo tu, na kilikuwa cheusi. Sisemi njano, nasema cheusi, kama strungi, chai isiyo na maziwa, iliyochemshiwa majani mengi. Nilikiangalia. Nikajiambia ni uchovu. Halafu nikavaa suruali yangu ndefu, nikaona inakataa kupita kwenye mapaja. Niliivuta kwa nguvu ikaingia, lakini imekaza kama ngozi ya ngoma.

Kwenye boma hakukuwa na watu. Baba mkwe alikuwa ameenda kuangalia ng'ombe Endebess, kwetu huko huko nilikotoka. Nafula na watoto walikuwa bado kanisani, maana siku hiyo mchungaji alikuwa na wageni na ibada ilirefuka. Alikuwepo mama mkwe peke yake, ambaye alibaki kupika.

"Wewe kuku," nikamsikia kutoka jikoni, "mwambie Baba Nanjala akae hapo kwa kivuli, watu wako karibu kurudi."

"Mwambie Mama nimeshukuru."

Nikakaa kwenye stuli. Chai ikawekwa kwenye stuli ingine, naye akarudi nyuma. Sikuweza kunyanyuka kuichukua. Nilikuwa na kiu mpaka ulimi ulishikamana na meno, na mtungi wa maji nilikuwa nauona pale mlangoni kwake. Lakini kuomba maji ni kumwambia mama mkwe aje karibu, na nikinywa nitataka choo, na choo kiko kule. Ndugu zangu, mtu anaweza kufa kwa adabu. Nilikuwa nakufa kwa adabu.

"Kuku, mwulize Baba Nanjala mbona hanywi chai."

"Mwambie Mama niko salama."

Hilo ndilo lilikuwa neno langu la mwisho la uongo. Nikatapika maji ya kijani kwenye magoti yangu mwenyewe, nikaanguka kutoka kwenye stuli na uso ukagonga chini. Miguu ilikuwa imekaza, haikunjiki. Nilikuwa nasikia kila kitu lakini siwezi kuongea.

Nilimsikia akiita majirani. Hakuna aliyeitika, wote walikuwa kanisani. Akaita tena. Kisha nikaona miguu yake. Ilisimama mahali anaposimamaga siku zote, hatua chache kutoka kwangu. Ilisimama hapo kidogo. Halafu ikaja.

"Simiyu!" Hakuniita Baba Nanjala. "Simiyu, nisikie. Mimi ni mamako."

Alinigeuza kwa mikono yake. Akanipangusa matapishi kwa leso yake. Aliposhika paja akaruka, kwa sababu lilikuwa gumu kama kuni. Alirudi jikoni mbio akaja na kisu cha mboga, akakata suruali yangu kutoka chini mpaka juu, mguu wa kwanza na wa pili. Nikiwa nimelala hapo kama mahindi yanayomenywa, aibu bado ilikuwa inaniuma kuliko mapaja. Nilijaribu kufunika na mkono.

"Toa mkono," akasema. "Nimezaa wavulana wanne."

Alisimamisha boda barabarani kwa kusimama katikati ya njia, mikono juu. Mwenye pikipiki alikuwa mwanamume mzima, mtu wa hapo hapo, na anajua mila.

"Mama, huyu si mkwe wako?" akauliza. "Utamshika vipi?"

"Wewe shika usukani wako. Mimi nitashika cha kwangu."

Wakaniweka katikati. Yeye akakaa nyuma yangu. Nilikuwa naanguka upande huu na upande ule, basi akafungua leso ya pili aliyojifunga kiunoni, akaizungusha kwangu na kwake, akaikaza fundo mbele. Alinifunga vile watoto wanafungwa, tofauti tu mimi nilikuwa mbele. Njia yote nilisikia kifua chake mgongoni mwangu, na alikuwa anaomba kwa Kibukusu, na katikati ya maombi anamwambia mwenye boda, "Shimo! Angalia shimo!"

Kwenye kituo cha afya, daktari aliyekuwa zamu aliuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Ni mamake."

"Amekojoa lini mara ya mwisho? Mkojo ni wa rangi gani?"

Hapo mama mkwe wangu akageuka akaangalia ukuta. Akavuta pumzi. "Baba Nanjala," akauambia ukuta, "daktari anauliza ulikojoa lini. Na rangi."

Nilikusanya nguvu zote. "Asubuhi," nikasema. "Kama strungi."

"Anasema kama strungi," mama mkwe akamwambia daktari, ambaye alikuwa amesikia vizuri. Hata hivyo alitingisha kichwa kama amepelekewa ujumbe rasmi, na namshukuru kwa hilo. Alinipima malaria, ikapatikana. Akatundika dripu, akaita ambulansi, na tukapelekwa Bungoma.

Bungoma ndiko nilijua nilikuwa nimefika wapi. Daktari wa huko alikuwa dada mdogo wa miwani, anaongea taratibu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, Nafula akiwa upande ule mwingine, amefika na gauni lake la kanisani na Wekesa titini.

"Misuli ya mapaja yako imevunjikavunjika," daktari akasema. "Uchafu wake umeingia kwa damu, ukaenda ukaziba figo. Ulikuwa na malaria. Ulikuwa mkavu. Jua lilikuwa kali. Na hizi dawa za maumivu figo hazizipendi mtu akiwa hana maji. Moja moja pengine ungepona tu. Zote pamoja zimekuangusha."

"Nitapona?" nikauliza.

"Figo zimelala. Tutasafisha damu yako kwa mashine tukingoja ziamke. Wengi zinaamka."

Nafula akauliza lile swali mimi niliogopa. "Na zisipoamka?"

"Basi mashine inakuwa maisha yake. Lakini tusifike huko leo."

Nafula alitoka nje akalia, kisha akarudi amenawa uso. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Kumbe ulikuwa unafanya mazoezi ya kufa. Ungetuambia tusipike."

Waliniingiza mpira mwembamba wa kupitisha damu shingoni. Wanadunga ganzi lakini unasikia kusukumwa, kama mtu anaingiza kidole mahali pasipo na mlango. Damu yangu nikaiona ikitoka kwa mirija, ikizunguka kwenye mashine, ikirudi. Nilihisi baridi mpaka meno yakagongana. Mwili ulivimba. Uso ukawa wa mviringo, macho yakafungika, vidole vikawa kama ndizi za kupika. Nilipewa maji ya kupima kwa kikombe kidogo, mimi ambaye nilikuwa nimenyimwa maji na adabu yangu mwenyewe, sasa nanyimwa na daktari. Nililamba midomo nikikumbuka ule mtungi wa mlangoni.

Na pale chini ya kitanda kulikuwa na mfuko wa mkojo. Mtupu. Hayo ndiyo yalikuwa mashindano yangu sasa. Kila asubuhi daktari aliinama anaangalia mfuko kabla hajaniangalia mimi. Nafula akiamka anaangalia mfuko. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mcheshi ambaye mashine ilikuwa maisha yake tayari kwa muda mrefu, alikuwa ananitania, "Kijana, mkimbiaji gani huyu hata mkojo unamshinda mbio?" Tulicheka. Lakini alipopelekwa kwa mashine na mimi nikabaki, nilimwangalia vile anatembea ameshika ukuta, nikamfikiria Nanjala akiniuliza kila Jumapili kama nimefika.

Nanjala, aliyebaki kwa babu yake Kamukuywa, aliruhusiwa kuongea nami kwa simu. "Baba, umefika?"

"Bado, mama. Niko njiani."

"Unakimbia polepole siku hizi."

"Ndiyo. Barabara ni mbaya."

Nilimrudishia Nafula simu, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Mama mkwe hakurudi nyumbani. Alikaa Bungoma kwa dada yake, na kila siku alikuja hospitalini. Lakini kwa wodi haingii. Sasa kwa kuwa nilikuwa macho na watu walikuwepo, heshima yake ilikuwa imerudi. Alikuwa anasimama nje ya mlango, amegeuka upande, anauliza, "Nafula! Ametoa?"

"Bado, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi mwambie tunaomba." Na nilijua wanaomba nini. Kikundi chote cha akina mama wa kanisa la Kamukuywa walikuwa wamepiga magoti kumwomba Mungu mkojo wangu. Sijui kama imewahi kutokea katika historia ya kanisa.

Siku ilipofika haikuwa na dalili yoyote. Nesi alikuja kubadilisha shuka, akainama, akakaa hivyo hivyo ameinama. "Nafula," akaita, "njoo uone." Ndani ya mfuko, chini kabisa, kulikuwa na kitu kama vijiko viwili, cha kahawia. Nilikatazwa kufurahi haraka. Kesho yake kikawa kama kikombe cha chai. Siku iliyofuata tulikuwa tunapiga hadithi na yule mzee, Nafula akainama kuangalia, akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akitoa. Mfuko ulikuwa umejaa! Na rangi ilikuwa imeanza kuwa ya mkojo wa watu.

Mama mkwe alikuwa amekaa uani, kwenye nyasi, na wanawake wengine wanaongojea wagonjwa. Nafula alimwomba nesi ruhusa, akainua mfuko juu kwenye dirisha, mkono mmoja mfuko, mwingine anapunga.

"Mama! Mama, angalia!"

Mama mkwe wangu, mtu wa heshima, aliyetembea maisha yake yote akikwepa kivuli cha mkwe, alisimama katikati ya ua ule akapiga vigelegele. Alipiga mpaka leso ikaanguka. Wanawake wakamzunguka wakimshika mikono.

"Hongera! Ni kijana ama msichana?"

"Ni mkojo!" akasema. "Ni mkojo wa mkwe wangu!"

Nilicheka mpaka ule mpira wa shingo ukauma. Kisha nikalia. Yule mzee wa kitanda cha pili alipiga makofi akiwa amelala, polepole, akasema, "Sasa umeshinda, kijana. Kimbia uende." Nilimpa mkono. Ninamkumbuka kila ninapokunywa maji.

Figo ziliamka zote. Mashine waliiondoa, mpira wakautoa. Nilipofika Kamukuywa nilikuwa nimekonda mpaka suruali mpya aliyoninunulia Nafula nilishikilia kwa mkono. Nilitembea kutoka barabarani hadi kwenye boma nikipumzika mara nyingi. Nanjala alikuwa amekaa langoni tangu asubuhi. Hakukimbia. Aliningojea nimalize hatua zote, kisha akanishika kidole.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, mama."

Wazee walisema kwa vile mama mkwe alinishika, nipeleke blanketi na kuku ili heshima irudi mahali pake. Nilipeleka. Mama mkwe akasimama mbali, akamwambia kuku wake wa siku zote, "Mwambie Baba Nanjala heshima haikuenda mahali. Lakini blanketi nitachukua, baridi ni nyingi." Kuku mgeni akachinjwa. Yule wa zamani bado yuko kazini.

Marathoni ya mwaka huo niliisikia tu kwa vipaza sauti nikiwa kitandani Kitale. Watu wengine walikimbia na kazi ikafanyika, maana watoto walipata viti. Sasa Faith anapita mbele ya mashine yangu anajisukuma mwenyewe, mamake akitembea kando mikono mitupu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. "Sasa, bingwa?" Bado ananiita hivyo, na mimi naitika.

Kama una ndoto, mimi si wa kukuambia uiache. Lakini ukisikia homa, usiende kuikimbiza barabarani, nenda upimwe. Dawa ya maumivu si mafuta ya kuongeza kwa gari. Kunywa maji. Ukiona mkojo umebadilika rangi, sema, hata kama mbele yako ameketi mama mkwe, chifu na askofu. Mtu anayekupenda hatakumbuka ulisema nini, atakumbuka tu kwamba ulibaki hai. Nawashukuru madaktari na manesi, mwenye boda, mke wangu Nafula, na Mungu aliyesikia maombi ambayo hata kuyasema hadharani ni ngumu.

Mwaka huu daktari aliniruhusu ile ya kilomita kumi. Ndiyo, ya wazee wa kanisa. Na walinipita, wengine wakiimba. Karibu na mwisho, upande wa barabara ya kuingia Kitale, niliona watu wamesimama wakipunga matawi, na mbele yao, peke yake, kulikuwa na stuli. Juu ya stuli kulikuwa na kikombe kikubwa cha maji. Nyuma ya stuli, hatua zile zile chache, alisimama mama mkwe wangu amejifunga ile leso, uso ameugeuza upande wa mashamba. Hakukuwa na kuku. Kwa hivyo aliongea na barabara nzima.

"Mwambieni Baba Nanjala anywe yote," akapaza sauti, na watu wote wakasikia. "Na akimaliza, choo kiko pale nyuma. Aende. Hakuna mtu anamwangalia."

Nilisimama. Nikachukua kikombe kwa mikono miwili, nikanywa yote. Halafu nikaenda.